Pearson, Spearman, kai-skwea au rigresheni? Kuchagua kipimo cha uhusiano wa vigeu viwili

Swali hili huulizwa kwa kuchelewa. Dodoso limeshajazwa, data zimeshaingizwa kwenye kompyuta, msimamizi anaisubiri sura ya nne, ndipo mtafiti anapouliza: "Nitumie kipimo gani kuona kama vigeu vyangu viwili vinahusiana?" Programu nayo haimsaidii. Ukiiagiza ikupe Pearson itakupa, ukiiagiza Spearman itakupa (vyote viwili ni vipimo vya korilesheni, yaani namba inayoonyesha vigeu viwili vinakwenda pamoja kiasi gani), hata kama ulichoingiza ni namba za vitambulisho. Haikatai kitu.

Kwa hiyo kabla sijalinganisha kipimo na kipimo, nakuomba ufanye jambo moja. Chukua karatasi uandike sentensi ya matokeo yako kabla hujayapata, ukiacha nafasi wazi pale namba itakapokaa. Ikiwa umeandika "wanaosoma saa nyingi ndio pia wanaopata alama za juu", unatafuta korilesheni. Ikiwa umeandika "kila saa moja inayoongezeka huambatana na nyongeza ya alama ____", unatafuta rigresheni. Ikiwa umeandika "waliojifunza kwa njia hii walifaulu asilimia ____, waliojifunza kwa njia ile asilimia ____", unatafuta jedwali na kai-skwea. Sentensi yako ndiyo inayochagua. Tasnifu nyingi nilizosoma zimeuliza swali la aina ya pili zikatoa jibu la aina ya kwanza, na mwandishi hakuona pengo hilo mpaka siku ya kutetea kazi yake.

Umepima nini hasa?

Data huja kwa sura tatu. Kuna makundi yasiyo na mpangilio, kama jinsia, dini au aina ya kazi. Kuna makundi yenye ngazi, kama "nakataa kabisa, nakataa, sina uhakika, nakubali, nakubali kabisa". Na kuna namba halisi: umri kwa miaka, uzito kwa kilo, muda kwa dakika.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni mtu kuyapa makundi namba kisha kusahau kwamba namba hizo ni majina tu. Ameandika dini 1, 2 na 3, halafu akaitafutia Pearson dhidi ya kipato. Badilisha namba hizo ziwe 3, 1 na 2, uone: jibu litabadilika, ilhali hakuna aliyebadili dini. Kipimo ambacho jibu lake linategemea ni kundi gani uliliandika kwanza hakijapima chochote.

Makundi yakiwa mawili tu mambo ni tofauti. Yaandike 0 na 1, na Pearson itakubali. Ukiilinganisha na kigeu cha namba, thamani ya p utakayoipata (uwezekano wa kupata matokeo ya namna hii au makali zaidi kama uhusiano haupo) ni ileile ambayo jaribio la t la kawaida la kulinganisha wastani mbili lingekupa. Wengi hufundishwa vitu hivi viwili kama sura mbili za mbali, kumbe ni ndugu wa tumbo moja.

Kai-skwea: makundi kwa makundi

Kipimo hiki alikileta Karl Pearson mwaka 1900. Tukihesabu kwa mkono ndipo kinaeleweka. Chukua watu 100. Hamsini wamejifunza kwa video: wamefaulu 35, wameanguka 15. Hamsini wamejifunza kwa kusoma maandishi: wamefaulu 25, wameanguka 25. Jumla wamefaulu 60. Kama njia ya kujifunza haihusiani na kufaulu, tungetarajia kila kundi litoe washindi 30 na walioanguka 20. Basi kila kisanduku kimepishana na matarajio kwa 5. Zidisha 5 kwa 5, gawa kwa matarajio ya kisanduku husika, jumlisha vyote vinne: unapata 4.17. Mpaka tuliouzoea kwa jedwali la mbili kwa mbili, ule wa p ya 0.05, ni 3.84. Umeuvuka, na thamani ya p ni 0.04.

Sasa liingize jedwali hilohilo kwenye R, programu ya takwimu, bila maelekezo ya ziada. Utapata 3.375, na p ya 0.066. Hujauvuka. Nimewahi kuona watafiti wawili wakishutumiana kwa jambo hili, kila mmoja akiamini mwenzake amekosea kuingiza data. Hakuna aliyekosea. Kwa jedwali la mbili kwa mbili, R hupunguza nusu kutoka kwenye kila tofauti (4.5 badala ya 5), marekebisho aliyoyapendekeza Frank Yates mwaka 1934. SPSS, programu nyingine ya takwimu, huchapa majibu yote mawili kwenye mistari miwili, na watu huchukua wa juu. Kwa matarajio makubwa kama haya ya 20 na 30, mimi naona marekebisho ya Yates yanazidisha tahadhari, na singeyatumia. Lakini uamuzi huo ufanyike kabla ya kuona jibu, na uandikwe kwenye ripoti. Kuchagua mstari kwa sababu una nyota, yaani alama ya p iliyo chini ya 0.05, ni udanganyifu, hata kama anayedanganyika wa kwanza ni wewe mwenyewe. Matarajio ya kisanduku yakishuka chini ya 5, achana na mabishano hayo yote utumie jaribio halisi la Fisher.

Kai-skwea ina upungufu mwingine ambao wengi hawaambiwi: haisemi uhusiano una nguvu kiasi gani. Zidisha kila kisanduku cha jedwali letu kwa 10, watu wawe 1,000. Asilimia hazijabadilika hata kidogo, bado ni 70 dhidi ya 50, lakini kai-skwea imeruka kutoka 4.17 hadi 41.67. Kilichokua ni ushahidi tu. Nguvu ya uhusiano inapimwa na fai, ambayo ni kipeuo cha pili cha kai-skwea iliyogawanywa kwa idadi ya watu, na hiyo inabaki 0.20 kwenye majedwali yote mawili. Jedwali likiwa na safu nyingi, tumia V ya Cramér kwa kazi hiyohiyo. Na uandike asilimia zenyewe, kwa sababu msomaji wako atazielewa kabla hajaelewa fai.

Ukiwa na makundi yenye ngazi, kai-skwea haikufai. Haioni ngazi. Panga upya safu za "nakubali" na "nakataa" utakavyo, jibu halitikisiki, maana yake ni kwamba habari uliyohangaika kuikusanya, nani yuko juu ya nani, imetupwa. Hapo ndipo tunapohamia kwa Spearman na Kendall.

Pearson, Spearman na Kendall juu ya data zilezile

Watatu hawa wote hutoa namba kati ya -1 na 1, na ndiyo maana watu hudhani ni kitu kimoja chenye majina matatu. Njia nzuri ya kuwatenganisha ni kuwapa kazi moja.

Wanafunzi sita wamesoma saa 1, 2, 3, 4, 5 na 6 kwa wiki. Alama zao, kwa mpangilio huo, ni 40, 45, 47, 55, 58 na 67. Pearson inatoa 0.985. Spearman inatoa 1, na Kendall 1. Hakuna ugomvi. Pearson haifiki 1 kwa sababu yenyewe inauliza kama nukta zimekaa kwenye mstari ulionyooka, na hizi zimeyumba kidogo. Spearman inauliza kama mpangilio wa nafasi ni uleule, na kweli ni uleule: wa kwanza kwa saa ni wa kwanza kwa alama, mpaka wa mwisho.

Sasa tuseme mwanafunzi wa sita, yule wa saa 6, aliugua siku ya mtihani akapata 22. Hesabu upya. Pearson: -0.18. Spearman: 0.14. Kendall: 0.33.

Soma namba hizo tena taratibu. Wanafunzi watano kati ya sita hawajabadilika kabisa, lakini Pearson sasa inasema uhusiano umegeuka, wanaosoma zaidi wanapata kidogo. Inafanya hivyo kwa sababu inapima umbali kutoka kwenye wastani, na mwanafunzi huyu yuko mbali kotekote, kwa saa na kwa alama, kwa hiyo sauti yake peke yake inazizima za wengine watano. Spearman imemwondolea umbali ikamwachia nafasi: amekuwa wa mwisho, si zaidi ya hapo. Kendall ndiyo iliyotulia kuliko wote. Yenyewe hupitia wanafunzi wawili wawili, jozi 15 kwa jumla, na kuuliza kila jozi swali moja: aliyesoma zaidi ndiye aliyepata zaidi? Jozi 10 zinajibu ndiyo, jozi 5 zinajibu hapana. Kumi toa tano, gawa kwa 15, unapata 0.33. Naipenda Kendall kwa sababu hii: jibu lake unaweza kulieleza kwa mtu yeyote bila kutaja mkengeuko sanifu.

Kabla hujaikimbilia Spearman kama kinga ya kila kitu, angalia upande wa pili. Rudisha alama ya mwanafunzi wa sita kwenye 67, lakini aliyeingiza data akosee aandike 670. Pearson inashuka kutoka 0.985 hadi 0.67, na mtu makini atashtuka na kuuliza kulikoni. Spearman inabaki 1 vilevile. Haijaona kitu, maana 670 bado ndiyo nafasi ya juu. Ustahimilivu wake ndio huohuo upofu wake. Ndiyo sababu mimi hukokotoa zote mbili wakati wa kukagua data, nikizikuta zimepishana sana narudi kwenye madodoso. Katika ripoti naweka ile niliyoipanga tangu mwanzo.

Na kabla ya zote mbili, chora. Mwaka 1973 Francis Anscombe alichapisha seti nne za data, kila moja ikiwa na nukta 11. Zote nne zina wastani uleule, Pearson ileile ya karibu 0.82, na mstari uleule wa rigresheni. Ukizichora, moja ni mtawanyiko wa kawaida, ya pili ni upinde safi, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyojitenga, na ya nne ni nukta kumi zilizosimama wima na moja iliyoko mbali inayovuta kila kitu. Namba hazikuweza kuzitenganisha. Jicho linazitenganisha kwa sekunde moja.

Upinde wenyewe una hila mbili. Ikiwa unapanda tu, kwa kasi inayobadilika, Spearman na Kendall zinauweza kuliko Pearson. Lakini ikiwa unashuka kisha unapanda, kama bakuli, zote tatu zinaweza kukupa sifuri ilhali uhusiano upo na ni mkamilifu. Jaribu mwenyewe: x iwe -3, -2, -1, 0, 1, 2, 3 na y iwe mraba wa x. Sifuri, sifuri, sifuri.

Je, majibu ya dodoso la Likert, lile la ngazi za kukubali na kukataa, yaende wapi? Swali moja moja lenye ngazi tano ni data za ngazi, kwa hiyo Spearman, au Kendall tau-b, ambayo imetengenezwa kuhimili watu wengi kufungana nafasi, na kwenye ngazi tano watafungana tu. Ukijumlisha maswali kumi au ishirini yanayopima jambo moja, jumla hiyo inakaribia kuwa namba halisi, na sioni ubaya wa kutumia Pearson. Wapo walimu wasiokubali. Ukiwa chini ya mmoja wao, toa Spearman. Mara nyingi tofauti itakuwa kwenye desimali ya pili.

Korilesheni au rigresheni?

Hapa ndipo uchaguzi una uzito kuliko ule wa Pearson na Spearman, na ndipo watu wanapopita haraka.

Korilesheni haina mwelekeo. Saa na alama, au alama na saa, jibu ni lilelile. Pia haina vipimo: 0.985 si saa wala si alama. Rigresheni ina vyote viwili. Unaamua kigeu kipi ni tegemezi, yaani kile kinachokisiwa kutokana na kingine, na jibu linakuja kwa lugha ya vitu vyenyewe. Kwa wanafunzi wetu sita wa mwanzo, mstari ni huu: alama = 33.8 + 5.2 × saa. Kila saa ya ziada inaambatana na alama 5.2. Sentensi hiyo mwalimu anaweza kuifanyia kazi, ilhali "r ni 0.985" hawezi kuifanyia chochote.

Ukitaka kujua kama uhusiano upo tu, huna haja ya kubishana, kwa sababu thamani ya p ya Pearson na ile ya mteremko wa rigresheni yenye kigeu huru kimoja ni ileile kabisa. Na r ikizidishwa kwa yenyewe ndiyo R mraba ya rigresheni, yaani sehemu ya tofauti za alama inayoelezwa na saa: 0.97 kwa mfano wetu. Kwa hiyo kuweka jedwali la korilesheni, kisha jedwali la rigresheni ya vigeu vilevile viwili, kisha kusema matokeo "yamethibitishwa kwa njia mbili", ni kuhesabu shahidi mmoja mara mbili.

Rigresheni inakupa uwezo, na uwezo huo una mipaka. Mwanafunzi wa saa 14? 33.8 jumlisha 72.8 ni 106.6, mtihani ukiwa wa alama 100. Mstari ulijengwa kwa saa 1 hadi 6 na haujui chochote nje ya hapo. Vilevile ukitaka kukisia saa kutokana na alama, usiugeuze mstari huu. Jenga mwingine, saa zikiwa tegemezi.

Jina lenyewe la rigresheni lina somo ndani yake. Francis Galton, akilinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao katika andiko la mwaka 1886, aliona kwamba wazazi warefu sana huwa na watoto warefu, lakini kwa wastani si warefu kama wao. Wanarudi kuelekea katikati. Jambo hilo linatokea popote korilesheni isipofika 1. Ndiyo maana ukiwachagua wanafunzi waliofanya vibaya zaidi kwenye mtihani wa kwanza, ukawapa somo la ziada, kwenye mtihani wa pili kwa kawaida watapanda hata kama somo halikuwasaidia. Mtafiti asiyejua hili atalisifu somo hilo kwa kazi isiyofanywa nalo.

Kuhusu mgawanyo wa kawaida, ambao wanafunzi huupimia kila kigeu kwa hofu: rigresheni haidai kigeu tegemezi chenyewe kiwe na umbo la kengele, inadai mabaki, yaani tofauti kati ya alama halisi na alama zilizokisiwa na mstari. Chora mabaki hayo. Yakitanuka kama mdomo wa tarumbeta au yakipinda, mstari haufai bado.

Sampuli yako inakuruhusu kusema nini?

Umepata r ya 0.5 kwa watu 20. Inapendeza. Lakini ukikokotoa masafa ya asilimia 95 (upeo wa thamani zinazoendana na data zako), uhusiano halisi unaweza kuwa popote kati ya 0.07 na 0.77, kutoka karibu na hakuna hadi nguvu kubwa. Kwa watu 100, r hiyohiyo ya 0.5 inakaa kati ya 0.34 na 0.63. Hakuna mabadiliko ya kipimo, kutoka Pearson kwenda Spearman au kwenda kwingine kokote, yatakayokuzibia pengo la watu 80 ambao hukuwafikia. Kwa upande mwingine, kwa watu 100 hao r ya 0.20 tu inatosha kupata nyota kwenye jedwali, na 0.20 zidisha 0.20 ni asilimia 4 ya tofauti za kigeu kimoja zinazoelezwa na kingine. Andika masafa, usiandike nyota peke yake.

Pale ambapo vigeu viwili havitoshi

Kuna hali mbili ambazo singechagua chochote kati ya vyote nilivyolinganisha hapa.

Ya kwanza ni data za mwaka hadi mwaka. Vitu viwili vinavyopanda kwa miaka 30 vitaonyesha korilesheni kubwa hata kama havijuani. Udny Yule aliandika juu ya korilesheni hizi zisizo na maana mwaka 1926. Linganisha mabadiliko ya kila mwaka badala ya viwango vyenyewe, na mara nyingi uhusiano ule mkubwa utayeyuka.

Ya pili ni kigeu cha tatu kilichojificha. Kwa muhula wa vuli wa 1973, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipokea maombi ya masomo ya juu ya wanaume 8,442 na wanawake 4,321. Waliokubaliwa walikuwa takriban asilimia 44 ya wanaume na asilimia 35 ya wanawake. Jedwali la mbili kwa mbili, kai-skwea kubwa kupindukia, jibu linaonekana wazi. Wachambuzi walipotenga idara kwa idara, upendeleo huo kwa wanaume haukuonekana. Kwa jumla kulikuwa na mwegemeo mdogo kwa upande wa wanawake. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara ambazo ni vigumu kuingia, awe mwanamume awe mwanamke. Fisher, Yates, Cramér, hakuna hata mmoja angeliona hilo ndani ya visanduku vinne, kwa sababu idara haikuwamo humo.

Kwa hiyo ukishapata jibu lako la vigeu viwili, likate: jedwali moja kwa kila kundi unaloshuku, au mchoro mmoja wenye nukta za rangi tofauti kwa kila kundi. Dakika kumi zinatosha. Mwelekeo ukibaki uleule ndani ya kila rangi, andika sentensi uliyoiandaa mwanzoni na ujaze nafasi uliyoiacha wazi. Ukigeuka, sentensi hiyo ifutwe, na kigeu cha tatu kiingie kwenye rigresheni pamoja na vile viwili.